Dadu na Siku ya Arobaini

Aliyecheza ludo anaijua dhuluma ya dadu. Kete zako nne zimekaa nyumbani, wenzako wanazunguka ubao, nawe unasubiri sita isiyokuja. Ujanja wako wote hauna kazi mpaka dadu ipende. Basi nilipoanza kusoma kanuni za michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji hubeba mhusika wake na msimulizi mmoja huendesha hadithi, kilichonivutia si mazimwi wala mapanga. Ni jinsi wabunifu walivyoichukua dadu hiyohiyo na kuitia adabu.

Tuseme mwizi kasimama mbele ya kufuli usiku, na mlinzi yuko kona ya pili. Mchezaji anasema, "Nalifungua." Limefunguka? Siku za mwizi ni arobaini. Dadu inatakiwa iseme kama leo ndiyo ya arobaini, na iseme kwa kumheshimu mwizi aliyeisomea kazi yake.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, siku hizi hujibu kwa dadu moja ya pande 20. Katika kanuni za 2014 msimulizi hupanga ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Mchezaji anarusha, anajumlisha nyongeza ya ustadi wa mhusika wake, na akiifikia namba ile amefaulu. Kila upande wa dadu una nafasi 5 kwa mia, kwa hiyo kila nukta ya nyongeza ina thamani hiyohiyo. Hesabu yake unaipiga huku umeshika kikombe cha chai. (Ishirini tupu, ambayo meza nyingi huishangilia kama goli, kwa kanuni hizo haifaulishi jaribio la ustadi peke yake. Mwujiza huo ni wa mashambulizi.)

Wepesi huo una gharama. Mwizi mwenye nyongeza ya 5 hufungua kufuli la wastani mara 55 katika 100. Mpishi asiyewahi kugusa kufuli, aliyepunguziwa 1, hulifungua mara 25. Wakishindana, kila mmoja na dadu yake, mpishi humshinda mwizi karibu mara moja katika kila nne. Kwa kicheko cha mezani inafaa sana. Kwa heshima ya ufundi, mimi naona mwizi kaonewa.

Steve Jackson, katika GURPS ya mwaka 1986, alirusha dadu tatu za kawaida na kuigeuza kanuni: jumla isizidi kiwango cha ustadi wako. Dadu tatu hazina tabia ya moja. Njia za kuziangusha ni 216. Kumi na nane hupatikana kwa njia moja tu, kumi kwa njia 27. Katikati kumejaa, pembeni ni patupu. Anayepanda kutoka ustadi wa 10 hadi 11 nafasi yake hutoka 50 kwa mia hadi 62.5. Anayepanda kutoka 14 hadi 15 haongezi hata 5. Fundi cherehani yeyote atakuelewa: mwezi wa kwanza mkono unanyooka kila siku, na baada ya miaka kumi bado unahangaika na kola. Sasa mpishi wa 8 anafaulu mara 26 katika 100, na mwizi wa 14 mara 91. Haki imetendeka, na haikuandikwa kanuni hata moja ya kumtetea mwizi; umbo la dadu limetosha.

Lakini kazi ninayoirudia mara kwa mara ni Apocalypse World ya Vincent Baker, ya mwaka 2010. Dadu mbili, jumlisha. Kumi na zaidi, umepata ulichotaka. Sita na chini, msimulizi anakuletea balaa. Saba hadi tisa, umepata, ila utalipa: kufuli limefunguka na kifaa chako kimevunjikia ndani, asubuhi watajua. Mhusika mwenye nyongeza ya 1 huangukia hapo katikati kwa njia 16 kati ya 36, nyingi kuliko za kufaulu kabisa au kushindwa kabisa, ambako kila kimoja kina njia 10. Yaani Baker aliiweka hadithi penye msongamano wa namba. Ukifeli mbele ya kufuli katika michezo mingine, mara nyingi hakuna kinachotokea. Unarusha tena, na meza inapiga miayo. Hapa mlango umefunguka na shida imeingia nao.

Msimulizi mzuri naye ana sehemu yake. Kama mlinzi kaenda kwao na usiku ni mrefu, dadu ziache mezani. Mwizi atalifungua tu.

Nawe usidhani ni lazima uagize dadu za pande 20 kutoka ng'ambo. Traveller ya Marc Miller, iliyotoka mwaka 1977, hutumia dadu mbili za pande sita, na nane na zaidi ndiyo kufaulu. Dadu mbili za ludo zinatosha.