Mwana Hiti: Mikono Iliyoachwa kwa Makusudi

Mwana hiti hana mikono. Hana miguu pia, na mara nyingi hata uso wake umepitiwa juujuu: alama mbili za macho, au hakuna kitu kabisa. Ni kigogo chembamba cha mti, kirefu kwa sentimita kati ya 10 na 20, chenye matiti mawili madogo, kitovu, shingo, na kichwa kilichobeba vishungi viwili vya nywele vinavyotoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, vikiacha uwazi katikati. Wengine wana kishungi kimoja tu. Anayemwona kwa mara ya kwanza nyuma ya kioo cha makumbusho anaweza kudhani fundi aliondoka kabla ya kumaliza kazi.

Alimaliza. Wachongaji wa Uluguru, kwenye milima ya Morogoro nchini Tanzania, na wa nchi za jirani, kwa Wakwere, Wazaramo, Wakutu, Wakaguru na Wadoe, walilirudia umbo hilohilo kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akibadilisha kidogo tu hapa na pale. Umbo linalorudiwa na mikono mingi hivyo, katika vijiji vilivyotenganishwa na mito na milima, limepita kwenye majaribio mengi. Kila kilichobaki kina kazi, na kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa sababu.

Ili kuiona sababu hiyo, lazima kwanza ijulikane kazi ya kitu chenyewe. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, na zamani aliweza kukaa huko miezi mingi. Katika kipindi hicho cha uwali alikabidhiwa mwana hiti, ambaye wengine humwita mwana nyang'hiti, amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, amlaze. Wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa akiogeshwa, akipakwa mafuta na kufundwa na wanawake wakubwa. Alichofanyiwa, alikifanya. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, aliyaeleza malezi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Na Peter Pels, Mholanzi, aliandika kwa kina kuhusu Waluguru, jando na unyago wao, na wamisionari waliojaribu kuubadilisha, katika kitabu kilichotoka mwaka 1999. Yale yanayosemwa na kuimbwa ndani ni ya wanawake wenyewe na yatabaki kwao. Hapa tunatazama mti na jinsi ulivyochongwa.

Tuanze na mikono. Mti una nyuzi zinazopanda kutoka shinani kwenda juu. Fundi akichonga kwa kuzifuata, hata kipande chembamba kinastahimili. Akizikata kwa upande, kipande hicho kitavunjika siku kikianguka sakafuni. Mkono unaochomoza pembeni ya mwili ungekuwa umekatwa kinyume cha nyuzi, na ungekuwa wa kwanza kutoka. Kitu cha kushikwa, kuogeshwa na kupakwa mafuta kila siku, kisha kurithishwa ndani ya ukoo, hakiwezi kubeba udhaifu wa namna hiyo. Sasa tazama vile vishungi vya kichwani. Ndivyo vyembamba kuliko sehemu nyingine zote, lakini vinapanda juu sambamba na mwili, yaani sambamba na nyuzi. Fundi ameupeleka wembamba mahali ambapo mti una nguvu.

Matiti na kitovu navyo havichomozi sana. Ni vinundu vya chini, vinavyosikika kwa kidole gumba kabla havijaonekana kwa jicho. Hilo si jambo dogo. Mwali aliishi sana kwenye kivuli cha nyumba, na mwanga ukiwa hafifu, kidole kinaona zaidi. Sehemu zilizobaki za mwili ni laini kabisa, bila pembe, zilizolainishwa kama kazi nyingine za mti zilivyolainishwa kwa majani makavu ya msasa, mti ambao jina lake ndilo tunalotumia hadi leo kuiita karatasi ya kusugulia mbao. Unene wa mwili unatosha kuzungukwa na vidole vya binti. Mwana hiti alibuniwa kwa kipimo cha kiganja.

Kichwani ndiko kazi ilikolundikwa, na inaeleweka. Nywele ndizo zinazosema mtu yuko hatua gani: zinaachwa, zinanyolewa, zinasukwa upya, na kila badiliko lina siku yake. Kwa hiyo fundi aliyebana kila kitu kingine alifungua mkono hapo. Wakati mwingine alichora mistari midogo kuonyesha misuko, na waliomlea walimwongezea shanga shingoni au kiunoni. Uso ungemfanya awe mtu fulani, mwenye sura fulani. Bila uso, anaweza kuwa mtoto wa yeyote, hata yule ambaye bado hajazaliwa. Hapo ndipo mimi naona ubunifu mkubwa kuliko wote katika kipande hiki: mikono iliyokosekana ni ya mtoto asiyeweza kujisaidia, na mikono ya kumsaidia inatoka kwa mwali. Kipande cha mti ni nusu ya mchoro. Nusu ya pili ni mlezi.

Kuna usomaji mwingine ambao watafiti wa sanaa wameurudia mara nyingi. Ukimtazama kwa mbali, kigogo kilichonyooka chenye kichwa kilichogawanyika ni umbo la kiume. Ukimsogelea, matiti na kitovu vinakuambia ni mwanamke. Vyote viwili vimo ndani ya mti mmoja, na hakuna kilichobandikwa. Ni njia fupi mno ya kusema mtoto anatoka wapi.

Mbinu ya kumwachia mtumiaji nusu ya kazi si ya Uluguru peke yake, na kuna mahali mbali sana ambapo imejengwa kwa chuma na saruji. Tarehe 30 Juni 2018 ilifunguliwa Toy Story Land ndani ya bustani ya Disney's Hollywood Studios, Florida, nchini Marekani. Imetokana na filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, na hadithi yake ni kwamba mgeni ameingia uwanja wa nyuma wa nyumba ya mtoto aitwaye Andy, na kwa kuvuka tu lango amekuwa mdogo kama mwanasesere. Mkahawa wake ni kisanduku cha chakula cha shule kilichoachwa wazi, kifuniko kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa ya kuhifadhia kinywaji. Treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, yenye umbo la mbwa wa springi, inakimbia juu ya reli ambayo inasemekana Andy aliiunga mwenyewe kwa seti ya kuchezea. Huko Paris, ambako eneo la kwanza la aina hii lilifunguliwa mwaka 2010, walipanda mianzi ili mgeni aione kama majani ya nyasi yaliyomzidi kimo.

Andy mwenyewe haonekani. Kuna nyayo zake tu, kubwa kuliko mtu, zilizopigwa chapa kwenye njia wanayopita wageni. Wengi hupita juu yake bila kujua wamekanyaga nini, na huo ndio uficho mzuri: alama ni kubwa mno kuonekana kwa anayetembea ndani yake. Wabunifu wangeweza kusimamisha sanamu ya Andy yenye urefu wa ghorofa tatu, lakini sanamu hiyo ingeua mchezo, kwa sababu mgeni angebaki kuwa mtu anayetazama sanamu. Nyayo zinamlazimisha akamilishe mwili wote akilini, kisha ajipime nao. Kwa mwana hiti kilichokosekana ni sehemu ya mtoto. Kwa Andy ni mtoto mzima. Kazi iliyofanywa na ukosefu huo ni ileile.

Tofauti yao iko kwenye kipimo. Florida inamfanya mtu awe mdogo mbele ya kichezeo. Uluguru ilifanya kinyume: ilichukua umbo la kiganjani na kulikuza.

Umbo la mwana hiti halikubaki kwa mwali. Lilipanda kwenye vichwa vya fimbo, likawa kizibo cha kibuyu cha dawa, likachongwa kwenye vyombo vya muziki, na upande wa Wazaramo likasimama kwenye nguzo za makaburi. Lakini pa kutazama kwa makini zaidi ni kwenye viti vya watawala vyenye mgongo mrefu. Katika viti hivyo, kikalio na mgongo ni mti mmoja, na mgongo wenyewe ni mwana hiti aliyekuzwa: matiti mawili yamechomoza kwenye ubao, na vishungi vimefunga juu. Mtawala akikaa, anaegemea kifua cha mama. Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vyeo kama kile cha Kingalu, mvuta mvua mashuhuri wa Kinole kwenye mteremko wa mashariki wa milima, vilishuka kwa upande wa mama. Kiti kinaieleza sheria hiyo ya urithi bila kuandika herufi. Asiyejua huona mapambo. Anayejua huona anayekalia kiti amekipata kupitia nani.

Kiufundi, kulikuza umbo namna hiyo ni mtihani mgumu. Vitu vingi vizuri vikiwa vidogo huharibika vikikuzwa, kwa sababu utamu wao umo kwenye vijipambo ambavyo kwa ukubwa vinakuwa mizigo. Mwana hiti anakuzika kwa kuwa ana sehemu chache: mwili, matiti, shingo, vishungi. Ondoa hata kitovu, bado anatambulika. Umbo likitambulika kwa sehemu nne, fundi anaweza kulipeleka kwenye mti wa ukubwa wowote, na hata kwenye kitu kisichochongwa.

Na kweli lilipelekwa huko. Mwana hiti si lazima awe wa mti; yupo wa kibuyu, na yupo wa gunzi la mhindi. Kibuyu kina shingo na tumbo tayari, na gunzi lina mwili ulionyooka na vinundu vyake. Hapo mbunifu hakuchonga, alichagua. Tena gunzi ndilo ambalo wasichana wa Morogoro wamekuwa wakilichukua jikoni bila kuombwa na mtu, wakalifunga kitambaa, wakaliacha na nyuzi zake kichwani ziwe nywele za kusuka. Huo ni mchezo wa kawaida wa mchana, hauna uhusiano na kuwekwa ndani, na kuuchanganya na unyago ni kuwakosea wote. Lakini jicho lililoona mtoto ndani ya gunzi ni la nchi ileile.

Hili la kuchanganya limewaponza wengi. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua misheni Morogoro mwaka 1882, walikuta desturi hizi zikiwa hai, na kwa miongo mingi walivutana nazo. Vitu vingi vya aina hii vilisafirishwa kwenda Ulaya enzi za Wajerumani na baadaye, na huko makabati ya makumbusho yaliviweka wima chini ya taa, mbele kukitazama mgeni, vikiwa na kibandiko kilichosema ni mwanasesere. Kwa kitu kilichobuniwa kushikwa gizani na mikono yenye mafuta, huo ni upande mbaya kuliko pande zote za kukionyesha. Mtu apewe angalau nakala ya kushika. Aliyemshika atajua mara moja kwa nini hakuna kiwiko.

Je, Morogoro ikitaka eneo lake la michezo lenye mandhari ya vichezeo, ichukue nini kutoka kwenye somo hili? Si mwana hiti mwenyewe. Mnara wa mwana hiti wenye ngazi na mtelezo ungekuwa utovu wa heshima kwa bibi zetu, na pia kosa la ubunifu, kwa kuwa kitu cha siri kikigeuzwa kivutio hakibaki na kazi yoyote. Kinachofaa kuchukuliwa ni mbinu: sehemu chache, kipimo kinachoeleweka, na nafasi ya mtoto kukamilisha.

Gari la waya lipo, na linangoja. Linatengenezwa kwa waya uliokunjwa, viungo vinafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, magurudumu ni ya soli za kandambili au vizibo vya soda, na usukani unapanda kwa waya mrefu hadi kifuani kwa dereva ili akimbie nalo akiwa amesimama. Ndani ya gari hakuna kiti cha dereva, kwa maana dereva yuko nje na ni jitu. Likuze gari hilo mara 10. Kizibo cha soda chenye upana wa sentimita 3 hivi kinakuwa duara la sentimita 30, upana wa kutosha mtoto wa chekechea kukalia. Gurudumu la kandambili la sentimita 6 linakuwa la sentimita 60, na kile kipande cha mpira kilichofunga kiungo kinakuwa mkanda mpana wa kupandia. Usukani wa mita 1 unafika mita 10, juu ya paa la darasa, ambako hakuna mtoto atakayeufikia. Wahandisi wautie nanga imara, na wasimchonge anayeushika.