Mparachichi na Haragwe: Neno «Dikotiledoni» Linadai Udugu Gani?

Mwanafunzi akisomeshwa mimea itoayo maua kwa Kiswahili huambiwa kuwa imegawanyika mara mbili: monokotiledoni, ambayo mbegu yake ina jani moja, na dikotiledoni, yenye majani mawili. Mahindi huku, maharagwe kule. Sina ugomvi na hesabu hiyo ya majani. Ninachohakiki ni hatua inayofuata, pale makundi hayo yanapoitwa jamii mbili na msomaji akaelewa kuwa ni koo mbili.

Tuchukue mparachichi, mti ambao hapa Mutanga Sud hauhitaji kutafutwa sana. Pasua mbegu yake: vipande viwili. Mtihani wa kwanza umefaulu. Sasa tazama ua lake dogo la kijani-manjano. Lina petali sita katika duru mbili za tatu-tatu, na stameni zake tisa nazo zimepangwa kwa tatu. Kwa kanuni ya darasani, tatu ni alama ya monokotiledoni. Dikotiledoni huhesabu nne au tano. Mstafeli nao huhesabu kwa tatu. Mwalimu atasema hivyo ni vighairi. Lakini sisi tunaosoma sarufi tunajua kwamba vighairi vikizidi, inayopaswa kuulizwa ni kanuni.

Wataalamu wanaojulikana kwa kifupi APG walifanya hivyo. Tangu mwaka 1998 wamekuwa wakichora upya mti wa ukoo wa mimea hii kwa kulinganisha DNA. Katika mchoro wao wa 2016, tawi la mparachichi, mstafeli na pilipili manga lilijitenga kabla mgomba na haragwe hawajaachana. Yaani haragwe liko karibu zaidi na mgomba kuliko na mparachichi! Mpangilio wa matawi haya bado unabishaniwa, lakini hata ukibadilishwa, yungiyungi, ambalo vitabu vya zamani vililiweka kwenye dikotiledoni, hubaki nje ya yote hayo. Kwa hiyo «dikotiledoni» ni sawa na kuhesabu wajukuu wa babu mmoja, kisha kuwaacha watoto wa mwanawe mmoja kwa kuwa hawakufanana na wenzao. Monokotiledoni ndio wajukuu hao walioachwa. Wao kwa wao ni ukoo kweli.

Jambo hili lisitushangaze. Mwaka 1948 Guthrie alizipanga lugha za Kibantu katika kanda za herufi, Kirundi kikawa D62 na Kiswahili G42. Kanda hizo zilifuata ramani zaidi kuliko nasaba. Baadaye wataalamu wa Tervuren walikata sehemu za D na E wakaunda kanda J, ndiyo maana leo tunaandika JD62. Bado tunatumia herufi za Guthrie, kwa kuwa zinafaa kutafutia lugha. Ila mwanafunzi akiandika kwamba lugha mbili ni ndugu wa karibu kwa sababu zina herufi moja, mhadhiri atamrudishia karatasi. Kwa nini mimea ihukumiwe kwa ulegevu zaidi?

Ulegevu huo unakaa hasa katika neno «jamii». Kamusi zetu hulipenda: mmea wa jamii ya hiki, mti wa jamii ya kile. Mara lina maana ya familia, mara jenasi, mara kufanana tu kwa sura au ladha. Pilipili manga na pilipili hoho zina jina moja, hivyo msomaji ataziona jamii moja, ingawa ya pili ni ndugu wa nyanya, biringanya na kiazi ulaya, mbali kabisa na ya kwanza.

Najua nitaambiwa kwamba mkulima hahitaji DNA. Kweli; hata dawa ya magugu inayoua mimea ya majani mapana na kuyaacha mahindi hufuata mgawanyo ule wa zamani, na inafanya kazi. Basi neno libaki, likiwa la sifa: «mimea yenye majani mawili ya mbegu». «Ukoo» tuutunzie nasaba iliyopimwa, na «familia» iwe daraja moja tu. Chini ya «mparachichi» kamusi iandike: mti wa familia ya Lauraceae, pamoja na mdalasini. Na chini ya «mdalasini» iandike vivyo hivyo.