Neno "Ugaidi" katika Sheria ya Marekani juu ya Biashara za Wanyama

Sheria nayo ni andiko, na yaweza kuhakikiwa kama andiko jingine lolote: inataja nini, na kwa jina gani? Andiko linalochunguzwa hapa lilitiwa sahihi na Rais George W. Bush wa Marekani tarehe 27 Novemba 2006. Jina lake, likifasiriwa, ni Sheria ya Ugaidi dhidi ya Biashara za Wanyama. Neno "biashara" limetandazwa mno humo. Linajumlisha mashamba ya mifugo, maduka ya manyoya, sarakasi, bustani za wanyama, na hata vyuo vikuu vinavyofanyia wanyama majaribio.

Neno linalomkwamisha mhakiki ni lile jingine. Katika Kiswahili cha zamani gaidi alikuwa mnyang'anyi wa njiani, ndugu yake haramia. Baadaye neno likapanuka, likamtaja mwenye kuua watu ili kuutisha umma na serikali. Katika maana zote mbili mna silaha, na mara nyingi damu. Sheria hii haihitaji lolote kati ya hayo. Yatosha mtu aharibu kwa makusudi mali ya biashara ya namna hiyo, au asababishe ipotee, wanyama wakihesabiwa kuwa mali, ikiwa nia yake ni kuidhuru au kuiingilia kazi ya biashara hiyo. Sheria iliyoitangulia, ya mwaka 1992, ilikuwa na neno "ugaidi" ndani ya kifungu chake, lakini jina lake lilisema "ulinzi". Mwaka 2006 neno lilitoka ndani likapandishwa juu ya mlango.

Watunzi wa sheria hawakuwa wanaota ndoto. Mwaka 2001 mkuu wa maabara za Huntingdon, huko Uingereza, alipigwa marungu nje ya nyumba yake. Mwaka 2003 mabomu yalilipuka kwenye kampuni moja ya dawa huko Emeryville, California, ingawa hakuna aliyeumia. Anayeyapuuza mambo hayo hatetei wanyama wala haki. Lakini kupiga mtu na kutega bomu vilikuwa makosa mazito tangu zamani. Zaidi ya hayo, mnamo Machi 2006, miezi minane kabla ya sheria mpya, wanaharakati sita waliopinga Huntingdon walitiwa hatiani huko Trenton, New Jersey, kwa sheria ile ile ya 1992 na makosa mengine. Hakuna kati yao aliyeshtakiwa kwa kumpiga mtu. Walishtakiwa kwa kuongoza kampeni iliyotangaza majina na anwani za waliolengwa. Adhabu ilifika miaka sita gerezani. Basi sheria ya kale ilikuwa na meno ya kutosha, na hoja ya kwamba palikuwa na pengo haisimami vizuri.

Ni kweli kwamba andiko la 2006 lina kifungu kinachosema halikatazi maandamano ya amani. Ndicho kifungu chake bora, na ndicho kinachofichua wasiwasi: sheria ya ugaidi iliyo wazi isingehitaji kumhakikishia mwandamanaji kwamba hasemwi yeye. Mwaka 2009 watu wanne wa California walishtakiwa kwa sheria hiyo baada ya maandamano mbele ya nyumba za watafiti. Mambo waliyotajiwa yalichanganya kupiga kelele, kufunika nyuso na kuandika kwa chaki njiani, pamoja na madai ya kujaribu kuingia nyumba moja kwa nguvu. Mwaka 2010 jaji aliyafuta mashtaka, kwa kuwa hayakueleza hasa kila mmoja alitenda nini. Hukumu ya aina hiyo yaweza kusomwa kama uhakiki wa mtindo.

Mashtaka mengine hayakufutika hivyo. Mwaka 2013 wanaume wawili waliwafungulia minki wapatao 2,000, wanyama wadogo wafugwao kwa ajili ya manyoya, katika shamba moja la Illinois. Uharibifu ulikuwapo, na hasara ya mfugaji haikuwa ndogo. Walipokata rufaa walidai kwamba si haki kuliita ugaidi tendo lisilomdhuru mtu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Chicago iliikataa hoja hiyo, na jina likabaki katika hati zao, mahali ambapo mwajiri huanza kusoma.