Jina la Apolo, na Hukumu Yetu juu ya Majina ya Kienyeji

Jambo la jina la ubatizo lingali likizusha maneno kati ya walimu na wazazi katika vijiji vya Kilosa, na huku kwetu Chanzuru pia. Mzazi ataka mtoto aitwe jina la babu yake. Mwalimu amjibu ya kuwa jina hilo asili yake ni ya mizimu, basi na achague moja katika majina ya Biblia. Twaona yafaa kuipima hukumu hiyo. Hatutaki kumlaumu mtu. Twataka kulitwaa jina moja lililomo katika Biblia, lisilokataliwa na mwalimu yeyote, na kuuliza asili yake. Jina hilo ni Apolo.

Kwanza lilikuwa jina la mungu. Wayunani wa kale walisimulia ya kuwa Apolo ni mwana wa Zeu na Leto, pacha wa Artemi, aliyezaliwa katika kisiwa cha Delos. Walimhesabu kuwa bwana wa upinde, wa nyimbo, wa uponyaji na wa uaguzi. Tena akikasirika ndiye aliyewaletea watu tauni. Mahali pake palipokuwa na sifa kuu ni Delphi. Hapo, kwa hadithi yao, alimwua joka Python, na hapo mwanamke mwaguzi aliyeitwa Pythia aliwajibu wafalme na raia waliokuja na mashauri yao. Basi mwenye kutafuta jina lenye asili ya matambiko na ramli hawezi kupata lililo wazi kuliko hili.

Pili likawa jina la miji. Mji mmoja ulioitwa Apolonia ulikuwa katika nchi ambayo leo ni Albania. Mwingine ulikuwa pwani ya Bahari Nyeusi, mahali paitwapo leo Sozopol katika Bulgaria. Mwingine ulikuwa bandari ya Kirene katika Libya. Na mwingine ulikuwa Makedonia, nao Paulo na Sila waliupita wakienda Thesalonike (Matendo 17:1). Tatu likawa jina la watu, kwa namna nyingi: Apolonio, Apolonia, Apolinari. Apolonia wa Iskanderia aliuawa kwa ajili ya imani yake karibu na mwaka 249, na jina lake lapatikana mpaka leo katika madaftari ya ubatizo ya nchi hii, pamoja na Apolinari. Hatujasikia mama aliyerudishwa nyumbani kwa kumtaka binti yake aitwe Apolonia.

Sasa na tumtazame Apolo wa Matendo 18. Alikuwa Myahudi wa Iskanderia, hodari wa maneno na wa maandiko. Wazee wake hawakuwa waabudu sanamu, walakini mwana wao alichukua jina lenye asili katika jina la mungu wa wageni, kwa kuwa ndiyo majina yaliyotumika katika mji ule. Alipofika Efeso, Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Walisahihisha mafundisho yake. Kuhusu jina lake kitabu hakituambii neno. Na Efeso ulikuwa mji gani? Ulikuwa mji wa Artemi, yule aliyehesabiwa kuwa pacha wa Apolo. Katika mji wenye hekalu kubwa la dada, alisimama mhubiri mwenye jina la kaka, wala hakuna aliyemwambia abadili kwanza jina ndipo ahubiri.

Huenda mtu akasema ya kuwa wale ndugu hawakujali mambo ya uaguzi. Lakini kitabu kile kile chakataa neno hilo. Sura mbili nyuma, katika Filipi, Paulo alimkemea pepo wa uaguzi aliyekuwa ndani ya kijakazi, naye akamtoka (Matendo 16:16-18). Katika Kiyunani pepo yule aitwa kwa neno python, yaani neno lile lile la joka wa Delphi. Hapa twaona jambo kubwa. Uaguzi wenyewe, uliokuwa ukimtesa msichana na kuwapatia mabwana zake faida, ulifukuzwa mara moja. Jina la bwana wa uaguzi, lililochukuliwa na mtu mwema, liliachwa. Paulo alitofautisha tendo na sauti ya neno. Nasi mara nyingi twavichanganya viwili hivi.

Wala Apolo si peke yake. Yeyote na afungue barua kwa Tito, 3:12-13. Katika mistari miwili atakuta Artema, jina litokalo kwa Artemi; Zena, litokalo kwa Zeu; na Apolo. Hao watatu walikuwa wenzi wa kazi, nao watajwa kwa majina yao kana kwamba hakuna la kuuliza.

Hoja ya kutujibu twaijua: majina hayo yametakaswa kwa kuwamo katika Biblia. Vema, lakini yalitakaswa na nini? Si wino. Yalitakaswa na maisha ya watu walioyachukua. Na kama ndivyo, jina la babu wa Mkaguru au Msagara laweza kutakaswa kwa njia iyo hiyo, mjukuu akilichukua kwa uaminifu.

Ushahidi wa karibu tunao Uganda. Apolo Kagwa alikuwa Katikiro wa Buganda tangu 1889 hata 1926. Mwaka 1901 alichapisha kitabu cha wafalme wa Buganda, na baadaye kingine cha desturi zao. Basi mtu mwenye jina la Kiyunani ndiye aliyehifadhi habari za wazee wake, wala hakuliacha jina Kagwa. Wa pili ni Apolo Kivebulaya. Alipozaliwa aliitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume atanguliaye kuzaliwa, kama wengi katika Tanzania wasemavyo Kulwa na Doto. Alibatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Na Kivebulaya, yaani kitokacho Ulaya, ni jina la utani alilopewa kwa sababu ya vazi lake. Alikwenda Mboga, ambayo leo i katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akafundisha mpaka kwa watu wa msituni, akafa huko mwaka 1933.

Mpenda mafumbo angeweza kusema: tazama, pacha wa Buganda amepewa jina la pacha wa Delos! Lakini hiyo ni bahati tu. Alipewa jina la yule mhubiri wa Iskanderia, na mtu wa Mboga aliyelisikia hakuwaza habari za Delos wala za Delphi. Alimwaza mwalimu wake. Hivyo ndivyo majina yafanyavyo kazi. Hata watu walipofika mwezini mwezi wa Julai 1969 kwa safari iliyoitwa Apollo 11, hakuna aliyedhani ya kuwa wamekwenda kutambika.

Hatusemi ya kuwa kila jina ni sawa. Yako majina yatolewayo pamoja na nadhiri, kwamba mtoto ni wa mzimu fulani na atatolewa sadaka mwaka kwa mwaka. Hapo mwalimu ana haki ya kuuliza. Lakini aulize habari za nadhiri, maana ndiyo imfungayo mtoto. Nadhiri ikivunjwa, jina labaki kumbukumbu ya ukoo. Na majina mengi hayana hata hilo. Chausiku atuambia saa aliyozaliwa. Mashaka na Tabu watuambia hali ya nyumba siku ile. Tukiyafuta, twafuta habari ambazo hazikuandikwa penginepo.

Hata Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Haisemi lazima liwe la kigeni kwa mzazi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu mambo mawili. Mzazi ajapo na jina la kienyeji, aulizwe maana yake na jinsi lilivyotolewa, na majibu yaandikwe. Kisha majina yote mawili, la nyumbani na la ubatizo, yatiwe katika daftari kwa wino mmoja. Na atakayeona vigumu kuliandika jina la babu, na ajiulize kwanza kwa nini mkono wake hausiti aandikapo Apolo.