Trilioni Moja na Kahawa Iliyokwisha Kuuzwa

Kosa lilikuwa ukomo wa riba wa asilimia 10. Julai 27, 2021, Benki Kuu ya Tanzania chini ya Gavana Florens Luoga ilitenga shilingi trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, nazo zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi 10. Ukomo huohuo ukawekwa kwa benki zilizoahidiwa nafuu ya amana ya kisheria, yaani fedha ambazo benki hulazimika kuweka Benki Kuu, zikikopesha kilimo. Kupunguza amana hiyo kutoka asilimia 7 hadi 6 mwaka 2020 kulikuwa sahihi.

Hesabu ya 2021 haikuwa sahihi. Mteja wa Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, ana kibanja cha ukoo kisicho na hati, na kahawa yake ingali mtini. Hatari yote ya mkopo wake iliachiwa benki, kisha benki ikakatazwa kuipangia bei. Mwaka huohuo Serikali ilikuwa sokoni na hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Fedha za Benki Kuu zilikuwa na masharti yake, sawa, lakini mtaji wa benki na muda wa afisa mikopo ni vilevile. Kwa hesabu hiyo, mkopo wa asilimia 10 humfuata mwenye dhamana tayari: kampuni kubwa, au mtumishi anayekatwa kwenye mshahara.

Halafu fedha zikatangazwa Julai! Nshamba, wilaya hiyohiyo, msimu ulikuwa umeshika kasi, na aliyebanwa na ada ya shule Januari alikwisha kuuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado maua.

Dawa ilikuwepo. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilikuwa na mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, inayowezesha mazao yaliyo ghalani kuwa dhamana, ni ya 2005. Uingereza ilianzisha mpango kama huu 2012, na mwaka uliofuata ikaurekebisha ili benki zinazokopesha biashara ndogo zipate nafuu zaidi.

Bukoba haikuhitaji kwenda mbali hivyo. Ushirika wa Bukoba Native Co-operative Union (BNCU), ulioanza 1950, ulimjua mkulima kupitia chama chake cha msingi na mavuno yake. Mkulima alipata malipo ya awali, kisha ya pili. Serikali ikaufuta ushirika Mei 1976, uamuzi ambao safu hii haijausamehe.

Januari 2024 Benki Kuu ilihamia kwenye riba ya sera, ikaanza na asilimia 5.5. Ni hatua nzuri, ila inapitia benki zilezile. Muleba inahitaji dirisha la mikopo la Novemba, lenye udhamini, linalopitia vyama vya msingi, kabla mnunuzi wa butura hajabisha hodi.