Wafumaji wa Urafiki

Uzi ukikatika, mtambo unasimama. Mfumaji anainama, anatafuta ncha mbili katikati ya nyuzi chungu nzima, anafunga fundo dogo kwa vidole, kisha anauwasha tena. Kazi hiyo ililea watoto wengi wa Dar es Salaam kuanzia 1968, Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa msaada wa China.

Pamba iliingia huku, khanga na vitenge vikatokea kule. Kiwanda kilikuwa hata na bendi yake, Urafiki Jazz, ya Juma Mrisho, yule Ngulimba wa Ngulimba. Kiwanda gani siku hizi kina bendi?

Lakini sifa za bendi zisimfunike baba wa zamu ya usiku. Alfajiri alirudi na vumbi la pamba kwenye nywele, akisema kwa sauti ya juu, maana kelele za mitambo zilikuwa zimeshamla masikio. Kiwandani wenzake waliongea naye kwa ishara za mikono. Nyumbani wanawe nao wakazijua. Mshahara haukuwa mkubwa. Hata hivyo madaftari yalipatikana, na sikukuu ilipofika mama watoto hakukosa doti yake.

Wengi wa wafumaji hao wamestaafu, wengine wamekwishazikwa. Mwenye mzee wa namna hii nyumbani na amsogelee leo, tena karibu na sikio, amwombe amwonyeshe fundo lile linavyofungwa.