Shaka ya Rubani

Abiria wengi hudhani rubani hujua mafuta aliyonayo kwa kuitazama geji. Geji ni shahidi mmoja tu, tena anayesimulia mambo ya mbali: vihisio vilivyomo ndani ya matangi ya mabawa hupima kina cha mafuta kwa umeme, kisha kompyuta hukigeuza kina hicho kuwa kilo. Shahidi wa pili ni stakabadhi ya mafuta yaliyojazwa uwanjani. Wa tatu ni mita zinazoonyesha kila injini imekunywa kiasi gani tangu iwashwe. Rubani stadi huwakutanisha hao watatu njia nzima. Huchukua mafuta aliyoanza nayo, hutoa yaliyokwisha kutumika, kisha hulinganisha jibu na geji, kama mwenye duka anayefunga hesabu jioni kwa kupima mali iliyobaki rafuni dhidi ya fedha za mauzo. Kazi hii haina mbwembwe, na hakuna abiria atakayeipigia makofi. Hata hivyo naiona kuwa ufundi wa hali ya juu, kwa sababu inadai shaka ya namna ya pekee: namba inayokuahidi mafuta mengi idaiwe ushahidi, na namba inayokunyima ichukuliwe kuwa kweli hadi ithibitike kuwa ya uongo.

Atatokea wa kusema kwamba kompyuta za leo zinaifanya hesabu hiyo zenyewe. Zinaifanya, ndiyo, lakini kwa kile zilicholishwa. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliondoka Montreal kwenda Edmonton, ikipitia Ottawa, huku geji zake za mafuta hazifanyi kazi. Mafuta yakapimwa kwa fito zilizo chini ya mabawa, yakaonekana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa uzito, wahusika walizidisha kwa 1.77, kipimo kinachotoa ratili, ilhali ndege hiyo mpya ilihesabu kwa kilo na kipimo chake kilikuwa takriban 0.8. Zikaongezwa lita 4,917 tu, na ndege ikapaa na mafuta yasiyofika nusu ya mahitaji. Kinachonishughulisha zaidi ni Ottawa. Pale mafuta yalipimwa upya, kwa uangalifu kabisa, yakazidishwa tena kwa 1.77 ileile, na majibu yakakubaliana. Kompyuta nayo ilikuwa imeandikiwa kilo 22,300, ikawa inatoa kwa uaminifu kutoka kwenye akiba isiyokuwepo. Mashahidi walionekana wengi, kumbe wote walimsikia mtu mmoja. Injini zilizimika juu ya Kanada, na kapteni Bob Pearson, aliyekuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaishusha salama kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Watu humsifu kwa kutua kule, na anastahili. Mimi ningependa zaidi sifa ziende kwa hesabu ambayo ingefanya kutua kule kusihitajike.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba shaka nayo huponza. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2001, marubani wa Airbus A330 ya Air Transat, wakivuka Atlantiki kutoka Toronto kwenda Lisbon, waliona mafuta ya upande mmoja yanapungua kuliko ya upande wa pili. Wakashuku kompyuta. Wakafungua vali ya kupitisha mafuta kutoka upande uliojaa, nayo yakaenda kumwagika kupitia bomba lililotoboka kwenye injini ya kulia. Geji ilikuwa inasema kweli. Lakini tazama shaka yao ilielekea wapi: iliipinga namba mbaya na kuibembeleza iliyo nzuri. Kisha tazama kilichowaokoa. Wakiwa bado hawajasadiki kwamba mafuta yanavuja, waligeuza ndege kuelekea Lajes, visiwa vya Azores, kwa kuwa namba ileile waliyoishuku ilisema Lisbon hawafiki. Injini zote mbili zilipokufa, uwanja ulikuwa umeshakaribia, na watu wote 306 waliokuwemo wakapona.

Kugeuza safari ni gharama, na mara nyingine huja kubainika kuwa mbovu ilikuwa geji, mafuta yalikuwepo tele. Shirika litalipia hoteli na abiria watanuna. Sioni hoja hapo, kwani gharama hiyo inajulikana na ina kikomo.

Linabaki jambo moja, ambalo ni gumu kuliko kujumlisha na kutoa: kuitamka namba. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyosubirishwa kwa muda mrefu karibu na New York iliishiwa mafuta ikaanguka, wakafa watu 73. Waliokuwa chumba cha marubani walijua hali ilivyo. Waliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha, ila hawakutangaza dharura, na waongozaji wakawapanga foleni kama wengine. Leo kanuni za kimataifa zinamtaka rubani wa ndege ya jeti atangaze dharura mara hesabu inapoonyesha atatua na mafuta pungufu ya akiba ya mwisho, yaani dakika 30 za kuzunguka angani. Hangoji taa iwake, wala hangoji geji na stakabadhi zipatane.